Sentimita Hamsini na Nane

Miaka kumi na mmoja napiga bati juu ya mapaa ya Kutaisi,
na kila asubuhi najifunga kamba kiunoni,
naivuta mara mbili, naisikiliza inavyojibu,
ndipo napanda.
Ghorofa ya nne, ya tano, mto Rioni kule chini
umekonda kama uzi wa kushonea.
Sijawahi kuanguka.

Wewe ulianguka kitandani.

Jumanne, saa nne kasorobo usiku.
Mama yako Eteri yuko zamu, kiwanda cha chupa.
Nilikulaza katikati ya godoro, mto huku, mto huku,
nikageuka kuchukua nepi.
Hatua tatu. Nimezihesabu tangu siku ile:
kwenda, tatu.
Kurudi sikuhesabu.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa.
Ulikuwa kama boga linalotuliwa chini na mtu mwenye haraka.
Halafu kimya,
kimya kifupi, lakini niliingia ndani yake nikakaa, nikazeeka.
Halafu kilio.
Sijawahi kukipenda kilio namna ile.

Bibi yako Tsiala akaja na kijiko cha baridi.
"Watoto wana mifupa ya siagi, Zurabi.
Wewe uliporomoka ngazi nzima, na tazama,
misumari unaihesabu vizuri tu."
Akakibandika kijiko pajini.
Lakini nundu haikuwa pajini.
Ilikuwa juu ya sikio, laini kama tini iliyopitiliza kuiva,
na ulipotapika mara ya pili
nikaacha kuamini habari za siagi.

Hospitalini:
Ameanguka kutoka kimo gani? akauliza wa mapokezi.
Kimo gani? akauliza nesi.
Daktari Mzevinari, mwenye saa ya kiume mkononi,
akauliza mara ya tatu, polepole, huku akikuvua soksi,
akikagua mapaja, makwapa, nyuma ya masikio,
na mimi nikafahamu kwamba anayesomwa pale si wewe.
Nikaificha mikono yangu, mikono ya nyundo.
Kisha nikaona kuificha ni vibaya zaidi,
nikaiweka mezani.

"Sijui," nikasema. "Kitanda tu. Kitanda cha kawaida."
Mimi, ninayepima paa kwa milimita.

Katika picha fuvu lako liliwaka jeupe,
na ndani ya weupe ule ufa mmoja,
mwembamba kuliko unywele wa Eteri ninaouokota kwenye sabuni.
Damu haijavuja ndani, daktari akasema. Utajifunga wenyewe.
Ila usiku huu tumwangalie.
Nyufa nazijua. Za bati naziziba kwa lami,
za mbao kwa gundi na vumbi la msumeno.
Ule ulitaka maziwa, na usingizi, na siku.

Kila saa nesi alikuja na kurunzi ndogo, akakufunua jicho:
mboni ikajikunyata kama konokono aliyeguswa.
Vizuri. La pili. Vizuri.
Akiondoka, naweka kiganja juu ya utosi wako,
pale mfupa haujakutana bado na mwenzake,
nausikia ukipwita, ukipwita,
miezi minane, na nyumba hii haijaezekwa.

Eteri alifika alfajiri, kofia ya kiwandani bado kichwani.
Hakuniuliza kimo.
Aliuliza, "Umekula?"
Hapo ndipo nikalia.

Ajali haina kinga, watu husema.
Hata mimi nimesema, kwenye mazishi ya Badri aliyepanda bila kamba.
Na kinga ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango,
mita thelathini, ya njano.

Leo tumekurudisha. Nimetoa futi ya chuma mfukoni,
nimepima kutoka ukingo wa godoro hadi sakafuni.
Hamsini na nane.
Nimeikata miguu ya kitanda, yote minne.
Bibi yako anauliza kama tumefilisika.

Wewe unatambaa hadi ukingoni, unachungulia
kimo kilichobaki, upana wa kiganja,
unacheka,
unainua mguu.